Mada ya 11: Kuchuja Kelele katika Data za Picha za Ubongo

Utangulizi

Mgonjwa ana uvimbe kwenye ubongo na anasubiri upasuaji. Kabla ya kufungua fuvu, daktari anataka kujua sehemu inayoendesha mkono wa mgonjwa iko wapi na iko karibu kiasi gani na uvimbe. Mgonjwa analazwa ndani ya mashine ya MRI. Anaambiwa agonganishe vidole kwa muda fulani, apumzike, kisha aanze tena. Mashine inapiga picha ya ubongo mzima kila baada ya sekunde chache. Mwishoni kompyuta inachora ramani yenye doa mahali panapofanya kazi vidole vinapocheza.

Kati ya mashine na ramani hiyo kuna hatua ambayo mgonjwa haioni, nayo ni kuchuja data. Ikifanywa vizuri, doa linaonekana wazi. Ikifanywa vibaya, doa linaweza kufifia hadi lisionekane, ingawa ubongo ulifanya kazi yake sawasawa. Hesabu zinazotumika ni zile ulizojifunza kwenye mada ya mawimbi: kipindi na frikwensi. Zifuate hatua kwa hatua huku ukiwa na kalamu mkononi.

Malengo ya mada

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza kwa nini data za picha za ubongo huchujwa;
(b) kubadili kipindi kuwa frikwensi na frikwensi kuwa kipindi;
(c) kuchagua mpaka wa kichujio usioharibu ishara unayoitafuta;
(d) kukokotoa mahali frikwensi ya bandia inapoangukia;
(e) kuandika mpaka uleule kwa vipimo vya programu tatu tofauti.

11.1 Data zenyewe zikoje?

Mashine hugawa ubongo katika visanduku vidogo viitwavyo vokseli. Kila picha inapopigwa, kila vokseli hupewa namba moja. Picha 150 zikipigwa, kila vokseli huwa na namba 150 zilizopangwa kwa mfuatano wa wakati. Muda kati ya picha moja na inayofuata huandikwa TR. Katika mada hii tutatumia TR = sekunde 2, isipokuwa pale tutakaposema vinginevyo. Hivyo picha 150 huchukua sekunde 300, yaani dakika 5.

Namba hizo hazipimi umeme wa seli za neva. Zinafuata hali ya damu. Himoglobini iliyopoteza oksijeni huvuruga kidogo uga wa sumaku na kupunguza ishara. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu yenye oksijeni huletwa kwa wingi kuliko inavyohitajika, hivyo himoglobini isiyo na oksijeni hupungua na ishara hupanda. Jambo hili lilielezwa na Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, mabadiliko haya ni madogo, asilimia chache tu ya ishara nzima. Pili, yanakwenda polepole: seli zikifanya kazi sasa hivi, ishara hufika kileleni baada ya sekunde 5 au 6 hivi, kisha hushuka taratibu. Kwa hiyo tunachokitafuta ni wimbi dogo na la polepole lililozungukwa na kelele nyingi.

11.2 Kipindi na frikwensi

Kipindi (T) ni muda wa mzunguko mmoja kamili. Frikwensi (f) ni idadi ya mizunguko katika sekunde moja, nayo hupimwa kwa hezi (Hz).

f = 1 ÷ T

*Mfano wa 1.* Mgonjwa anagonganisha vidole kwa sekunde 30, anapumzika sekunde 30, kisha anarudia. Tafuta frikwensi ya zoezi.

Mzunguko mmoja kamili ni kugonganisha pamoja na kupumzika:
T = 30 + 30 = sekunde 60
f = 1 ÷ 60 = 0.0167 Hz

*Tahadhari.* Wanafunzi wengi huandika T = 30. Hiyo ni nusu ya mzunguko. Mzunguko haujakamilika mpaka mgonjwa aanze tena kugonganisha.

11.3 Nani anaishi wapi?

Kila kinachobadilisha namba za vokseli kina mahali pake kwenye mstari wa frikwensi. Kariri mpangilio huu, kutoka chini kwenda juu:

1. *Mteremko wa mashine.* Ishara hupanda au kushuka polepole sana kwa dakika nyingi, kwa sababu mashine yenyewe haitulii kabisa. Kwa kawaida huwa chini ya 0.01 Hz.
2. *Zoezi la mgonjwa.* Mara nyingi liko kati ya 0.01 Hz na 0.1 Hz. Katika Mfano wa 1 ni 0.0167 Hz.
3. *Kupumua.* Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, yaani 0.2 Hz hadi 0.33 Hz.
4. *Mapigo ya moyo.* Mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, yaani 1 Hz hadi 1.67 Hz.

Kutikisa kichwa hakumo kwenye orodha kwa sababu hakuna makazi maalumu. Mtikiso mmoja wa ghafla husambaa kwenye frikwensi nyingi kwa pamoja. Ndiyo maana kichujio hakitibu tatizo la kichwa kilichotikisika.

11.4 Aina tatu za vichujio

*Kichujio cha kupitisha frikwensi za juu* huzuia zilizo chini ya mpaka. Hutumika kuondoa mteremko wa mashine.

*Kichujio cha kupitisha frikwensi za chini* huzuia zilizo juu ya mpaka. Hulainisha mstari uliojaa mikwaruzo.

*Kichujio cha kupitisha ukanda* huzuia pande zote mbili na kubakiza katikati, kwa mfano kati ya 0.01 Hz na 0.1 Hz.

Fikiria chekeche la jikoni. Chekeche halijui unga wala pumba. Linajua ukubwa tu: kinachopenya kinapita, kisichopenya kinabaki. Kichujio cha data nacho hakijui ubongo wala mashine. Kinajua frikwensi tu. Hili ndilo wazo kuu la mada nzima, na makosa mawili makubwa yanatokana na kulisahau: kutupa ishara ukidhani ni kelele, na kubakiza kelele ukidhani ni ishara. Tuyaangalie moja baada ya jingine.

11.5 Kosa la kwanza: kutupa ishara

*Mfano wa 2.* Fundi wa MRI amemhurumia mgonjwa mzee anayechoka haraka kubadilisha zoezi. Amempa zoezi refu: kugonganisha vidole sekunde 60, kupumzika sekunde 60. Mchambuzi wa data ametumia kichujio cha kupitisha frikwensi za juu chenye mpaka wa sekunde 100, kwa sababu ndio alioukuta kwenye programu. Je, doa la mkono litaonekana?

Frikwensi ya zoezi:
T = 60 + 60 = sekunde 120
f = 1 ÷ 120 = 0.0083 Hz

Mpaka wa kichujio:
f = 1 ÷ 100 = 0.01 Hz

Linganisha: 0.0083 ni ndogo kuliko 0.01. Zoezi liko upande unaozuiwa. Kichujio kimeliona kama mteremko wa mashine na kulitoa pamoja na uchafu. Sehemu kubwa ya ishara ya mkono imepotea, na doa litafifia au kukosekana.

Sasa mfikirie daktari anayeipokea ramani hiyo. Akidhani kwamba pasipo na doa hapana kazi, anaweza kuamini ni salama kukata mahali pasipofaa. Ramani tupu haina maana kwamba ubongo umenyamaza. Huenda aliyenyamazishwa ni zoezi lenyewe, kwa mkono wa mchambuzi.

*Kanuni.* Mpaka wa kichujio cha kupitisha frikwensi za juu, ukiuandika kwa sekunde, usiwe mfupi kuliko kipindi cha zoezi. Uache nafasi ya kutosha, kwa kuwa kichujio hakikati kama kisu: hupunguza kidogokidogo hata kwa frikwensi zilizo jirani na mpaka. Kwa zoezi la sekunde 120, mpaka wa sekunde 128 unapita kwa tabu. Mpaka wa sekunde 200 ni salama zaidi, lakini utaruhusu mteremko zaidi ubaki. Dawa bora ni kupanga zoezi fupi tangu mwanzo, kabla mgonjwa hajalala kwenye mashine.

11.6 Kosa la pili: kubakiza kelele iliyojificha

Umewahi kuona kwenye filamu magurudumu ya gari yakionekana kuzunguka kinyumenyume huku gari linakwenda mbele? Kamera hupiga picha chache mno kulinganisha na kasi ya gurudumu, hivyo jicho hupewa mwendo wa uongo. Jambo hilohilo hutokea ndani ya mashine ya MRI.

Ukipiga picha moja kila TR, frikwensi ya kuchukua sampuli ni:

fs = 1 ÷ TR

Frikwensi ya juu kabisa inayoweza kupimwa kwa uaminifu ni nusu ya hiyo. Huitwa kikomo cha Nyquist:

fN = fs ÷ 2

Kwa TR = sekunde 2: fs = 0.5 Hz, na fN = 0.25 Hz.

Moyo unapiga juu ya 0.25 Hz. Je, umetoweka kwenye data? Hapana. Umejikunja na kutokea chini ya kikomo ukiwa na frikwensi ya bandia. Kuipata ni rahisi: tafuta kigawe cha fs kilicho karibu zaidi na frikwensi halisi, kisha toa kilicho kidogo kwenye kikubwa.

*Mfano wa 3.* TR ni sekunde 2. Tafuta frikwensi ya bandia ya (a) moyo unaopiga mara 72 kwa dakika, na (b) moyo unaopiga mara 63 kwa dakika.

(a) Frikwensi halisi = 72 ÷ 60 = 1.2 Hz.
Vigawe vya fs ni 0.5, 1.0, 1.5 na kuendelea. Kilicho karibu ni 1.0.
Frikwensi ya bandia = 1.2 − 1.0 = 0.2 Hz.

(b) Frikwensi halisi = 63 ÷ 60 = 1.05 Hz. Kigawe kilicho karibu ni 1.0.
Frikwensi ya bandia = 1.05 − 1.0 = 0.05 Hz.

Tazama tofauti. Kichujio cha ukanda wa 0.01 Hz hadi 0.1 Hz kitauondoa moyo wa (a), kwa sababu 0.2 Hz iko nje ya ukanda. Moyo wa (b) uko katikati ya ukanda na utapita bila kuguswa. Ni kama jiwe lenye ukubwa wa punje ya mchele: chekecha usiku kucha, jiwe litabaki na mchele.

*Hitimisho la kukariri.* Frikwensi ikishajikunja na kuangukia ndani ya ukanda unaoutaka, kichujio hakiwezi kuitenganisha. Tiba hufanyika wakati wa kupima: punguza TR, au rekodi mapigo kwa kifaa cha kidole na upumuaji kwa mkanda wa kifuani, kisha ondoa athari zake kwa hesabu nyingine.

11.7 Programu tatu, lugha tatu

Programu zinazotumika sana kwa kazi hii ni SPM ya London, FSL ya Oxford, na AFNI, ambayo Robert Cox alianza kuiandika mwaka 1994 huko Wisconsin, Marekani. Zote zinaweza kuchuja. Tatizo ni kwamba kila moja inauliza mpaka kwa kipimo chake.

*SPM* huuliza sekunde. Thamani inayokuta imeandikwa tayari ni 128. Ndani yake, programu hutengeneza mawimbi ya kosaini ya polepole na kuyaondoa kwenye data.

*FSL*, ukitumia amri ya fslmaths yenye chaguo la -bptf, huuliza sigma, nayo hupimwa kwa idadi ya picha:

sigma = mpaka wa sekunde ÷ (2 × TR)

*AFNI*, kupitia 3dBandpass au 3dTproject, huuliza frikwensi kwa hezi.

*Mfano wa 4.* Unataka mpaka wa chini wa 0.01 Hz. TR ni sekunde 2. Utaandika namba gani kwenye kila programu?

Mpaka kwa sekunde = 1 ÷ 0.01 = sekunde 100.

SPM: 100
FSL: 100 ÷ (2 × 2) = 25
AFNI: 0.01

Kwa FSL amri itakuwa hivi:

fslmaths data -bptf 25 -1 data_safi

Namba −1 ina maana: usizuie frikwensi za juu. Zingatia pia kwamba katika matoleo ya sasa amri hii huondoa wastani wa kila vokseli. Ukiuhitaji, ukokotoe kwanza kwa -Tmean, kisha uurudishe kwa -add.

Je, ukisahau kubadili na kuandika 100 kwenye FSL? Mpaka utakuwa 100 × 2 × 2 = sekunde 400. Upimaji wako wote ni sekunde 300. Mteremko karibu wote utabaki, na programu haitalalamika. Kompyuta hutekeleza ulichoandika, si ulichokusudia.

11.8 Kelele iliyogeuka ugunduzi

Mwaka 1995 Bharat Biswal, akiwa bado mwanafunzi huko Wisconsin, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya watu waliolala kwenye mashine bila kufanya zoezi lolote. Walichuja data na kubakiza mabadiliko ya polepole, chini ya 0.1 Hz. Wakaona sehemu ya kushoto na ya kulia zinazoendesha mikono zinapanda na kushuka pamoja, ingawa mikono imetulia.

Wengi walizoea kuyahesabu mabadiliko hayo kuwa kelele. Swali la haki lilikuwa: je, si moyo au pumzi iliyojikunja? Hapa TR yao iliwasaidia. Walipiga picha kila sekunde 0.25, hivyo fs = 4 Hz na fN = 2 Hz. Moyo wa 1.2 Hz na pumzi ya 0.3 Hz vilionekana mahali pake halisi, mbali na 0.1 Hz. Leo uchunguzi wa ubongo uliopumzika ni tawi kubwa la sayansi. Hivyo neno "kelele" si jina la kudumu. Kabla ya kuchuja, jiulize kwanza unatafuta nini.

11.9 Muhtasari

• Kichujio hutenganisha kwa frikwensi, hakijui chanzo.
• Kipindi cha zoezi ni muda wa kufanya pamoja na muda wa kupumzika.
• Mpaka wa sekunde usiwe mfupi kuliko kipindi cha zoezi.
• Kilicho juu ya fN hakipotei, hujikunja.
• Badili vipimo kabla ya kuandika namba kwenye programu.
• Ukichuja data, chuja vilevile vipimo vya kelele unavyokusudia kuviondoa, au fanya yote kwa hatua moja kama 3dTproject inavyofanya. Vinginevyo utarudisha frikwensi ulizokwisha kuzitoa.

Maswali ya kujipima

1. Zoezi lina sekunde 20 za kufanya na sekunde 20 za kupumzika. Kokotoa frikwensi yake. Je, mpaka wa sekunde 100 unafaa?
2. TR ni sekunde 3 na unataka mpaka wa sekunde 120. Andika namba ya SPM, FSL na AFNI.
3. Mtu anapumua mara 18 kwa dakika. TR ni sekunde 2. Pumzi yake itaonekana kwenye frikwensi gani?
4. Moyo unapiga mara 72 kwa dakika. TR imepunguzwa kuwa sekunde 0.5. Tafuta frikwensi ya bandia, kisha eleza kama itaingia kwenye ukanda wa 0.01 Hz hadi 0.1 Hz.
5. Mwenzako anasema: "Ramani haina doa, kwa hiyo sehemu ile haifanyi kazi." Mjibu kwa sentensi mbili.

Majibu

1. T = sekunde 40; f = 0.025 Hz. Mpaka ni 0.01 Hz, uko chini ya zoezi, hivyo unafaa.
2. SPM: 120. FSL: 120 ÷ (2 × 3) = 20. AFNI: 1 ÷ 120 = 0.0083.
3. Halisi ni 0.3 Hz, juu ya fN ya 0.25 Hz. Kigawe kilicho karibu ni 0.5, 0.5 − 0.3 = 0.2 Hz.
4. fs = 2 Hz, fN = 1 Hz. Halisi ni 1.2 Hz, 2 − 1.2 = 0.8 Hz. Haitaingia kwenye ukanda.
5. Jibu lako litaje kipindi cha zoezi na mpaka wa kichujio. Kama hukuvitaja, rudi kwenye Mfano wa 2 uusome tena kabla ya kufungua mada inayofuata.